Kahawa ya kokoa na viungo, kwa tui la korosho

Mjomba wangu aliuza kahawa Mikindani. Alitoka usiku, baada ya isha, akaenda pale wazee wanapokaa kucheza bao. Mkono mmoja ameshika birika limekaa juu ya jiko dogo la mkaa, mkono wa pili anagonganisha vikombe vile vidogo visivyo na mkono, ta-ta-ta, ta-ta-ta, hata aliyekwisha kulala ajue kahawa inapita. Mimi kazi yangu ilikuwa kutwanga tangawizi jioni. Siku moja nikaona naweza kumaliza mapema nikacheze rede. Nikatia kahawa, tangawizi, iliki, na hata sukari, ambayo kahawa chungu haina kabisa, vyote ndani ya birika kwa mpigo mmoja, nikafunika, nikaondoka. Aliporudi akaonja, akatema mchangani. "Mpwa wangu," akasema, "haya siyo makande. Kila kitu kina zamu yake."

Kinywaji ninachoeleza hapa si chake. Nina hakika angekiita uji wa watoto. Kilianza binti yangu aliporudi likizo kutoka Dar akiwa amezoea moka ya mikahawani, ile kahawa yenye chokoleti, na bei aliyonitajia ilinifanya nikae chini. Nikamwambia, hiyo tutaipika hapahapa Chikongola, Mtwara. Moka yenyewe ni jina la bandari, Mokha, huko Yemeni kwenye Bahari ya Shamu, ambako kahawa ilikuwa ikipakiwa kwenda duniani kwa karne nyingi. Baadaye sana jina likahamia kwenye kahawa iliyotiwa chokoleti. Na sisi watu wa pwani maneno yetu, kahawa na buni, yote mawili tumeyapata kwa Waarabu. Kwa hiyo usione kwamba tunaiga kitu cha wenyewe.

Nianze na kahawa. Yangu inatoka Mbinga, mkoani Ruvuma. Siku hizi njia ya Masasi, Tunduru hadi Songea ni lami, na hakosekani mtu wa kumwagiza kilo mbili za buni mbichi. Ni arabika, ile ya milimani, ina uchachu kidogo kama wa tunda, na uchachu huo unapatana na kokoa. Robusta ya Kagera ni kali zaidi na ina kafeini nyingi zaidi, ukiwa nayo itumie, ila punguza kipimo. Huna buni wala muda? Kopo la Africafé, ile ya Bukoba inayoyeyuka kwenye maji, linafaa, nitasema namna yake mbele.

Kama unakaanga mwenyewe, tumia kikaango kizito na moto wa wastani, na usiache kugeuza. Mwanzoni buni ni za kijanikijivu na zinatoa harufu ya majani. Zinageuka njano, nyumba inanukia mkate, kisha zinaanza kuwa kahawia. Baada ya hapo utazisikia zinapasuka, pa, pa, kama bisi. Mlio huo ukianza kupungua, epua. Ukingoja mlio wa pili, ambao ni mdogomdogo na wa haraka, mafuta yanatokeza juu ya punje na uchungu unakuwa mkali. Mjomba ndipo alipokuwa anapataka. Lakini kahawa yake ilinywewa na kashata pembeni, hii yetu inaingia na kokoa, ambayo tayari ina uchungu wake. Zimwage kwenye ungo zikiwa bado zinafuka, uzipepete ili zipoe haraka na yale maganda mepesi yaruke. Fanya nje, la sivyo utafagia mpaka kesho. Halafu ziache zilale usiku mmoja kabla ya kutwanga, kwa sababu kahawa iliyotoka motoni inaendelea kutoa hewa ukaa, na ukiipika siku hiyohiyo inafura povu na haikolei vizuri. Twanga kwenye kinu, chekecha, kinachobaki juu rudisha kinuni. Unataka unga wa ukubwa wa chembe za sukari, siyo laini kama ngano.

Sasa viungo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwa vikombe vinne vya chai mimi natumia kipande cha tangawizi cha urefu wa nusu ya kidole gumba, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu mbili, punje nne za pilipili manga na iliki tano. Kungumanga nakwaruza kidogo sana, mara mbili tatu kwenye kikwaruzio, siku nikikumbuka.

Karafuu ni mbili. Nimesema mbili. Ile ni dawa ya jino, inatia ganzi ulimi, na ukishaweka tano unakunywa kikombe kizima bila kujua kama kahawa ilikuwemo. Watu wa Unguja wanisamehe.

Mdalasini uwe wa kijiti, siyo wa unga. Hili nililijua kwa aibu. Wifi yangu alikuja na wageni wawili kutoka Lindi, nami nikataka kujionyesha, nikatia kijiko kizima cha mdalasini wa unga ndani ya sufuria. Unga wa mdalasini ukikaa kwenye maji ya moto unavuta utelezi. Nikamimina, kinywaji kikashuka kwenye kikombe kama kamba. Wifi akainua kijiko, akautazama ule uzi, akaniuliza kwa upole wote, "Wifi, huu mlenda umeutia nyanya?" Wageni wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kijiti hakifanyi hivyo. Kinatoa harufu, unakitoa, unakikausha, na kesho kinafaa tena japo kimedhoofika.

Tangawizi iponde na iwe ya kwanza kuingia majini, hasa kama utatumia maziwa ya ng'ombe. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Ukiitia mbichi kwenye maziwa ya vuguvugu yanakatika, unabaki na mabongemabonge na maji ya njano. Ikichemka vizuri kwenye maji, kimeng'enya kinakufa na ukali unabaki. Nimeona mama wengi wakilaumu maziwa kwamba yalikuwa yamelala, kumbe kosa ni la zamu.

Chukua basi vikombe viwili na nusu vya maji, tia tangawizi, mdalasini, karafuu na pilipili manga uliyoipasua tu kwa mchi. Chemsha kwa moto mdogo dakika kumi, mpaka yabaki kama vikombe viwili. Iliki bado. Imenye, twanga mbegu zake, weka pembeni, kwa sababu harufu yake ni nyepesi na ikichemka muda mrefu inaondoka na mvuke, jirani anaifaidi kuliko wewe.

Epua sufuria. Hesabu taratibu mpaka sitini, maji yatulie, kisha tia vijiko vinne vya chakula vya kahawa. Koroga mara moja, funika, acha dakika nne bila kuirudisha motoni. Kahawa ikichemshwa kwa muda inatoa kila ilichonacho, pamoja na uchungu usiotakiwa. Kahawa chungu ya barazani ni jambo jingine, hiyo inachemshwa makusudi, na kashata ndiyo inayoituliza. Baada ya dakika nne mashapo yatakuwa yameshuka. Chuja kwa chujio la chai lenye kitambaa cheupe ndani yake. Kwa wale wa Africafé: chuja maji ya viungo peke yake, kisha yeyusha humo vijiko vitatu vya chai. Umemaliza.

Kokoa. Dukani kuna vitu viwili vinavyofanana makopo. Kimoja ni unga wa kokoa mtupu, mchungu, rangi ya udongo. Cha pili ni chokoleti ya kunywa, ambacho kimetiwa sukari. Geuza kopo usome: viambato huandikwa kuanzia kilichozidi kwa uzito, kwa hiyo ukikuta sukari imetangulia, umeshika sukari yenye harufu ya kokoa. Si haramu, lakini hapa tunataka ule mtupu, sukari tutaiweka wenyewe kwa kadiri yetu.

Nchini kwetu kokoa inalimwa zaidi Kyela, kule Mbeya, karibu na Ziwa Nyasa. Mwaka fulani shoga yangu aliyeolewa huko alinitumia mfuko wa mbegu zilizokwisha kuvundikwa na kukaushwa. Nikafikiri nitapata unga kama wa dukani. Nikazikaanga, nikamenya, nikatwanga. Nilivyozidi kutwanga ndivyo zilivyozidi kulainika na kung'aa, mpaka kinu kikajaa tope jeusi linalonata kwenye mchi. Nikadhani nimeharibu. Kumbe karibu nusu ya mbegu ya kokoa ni mafuta, na kiwandani huyakamua kwanza kwa mashine ndipo wapate kusaga unga. Lile tope langu lilikuwa chokoleti halisi isiyo na sukari. Nililimimina kwenye sahani, likaganda, na kwa miezi miwili nilikuwa navunja kipande kila jioni. Ukipata mbegu za Kyela usiache nafasi hiyo, ila kinu kisafishe kwa maji ya moto sana, la sivyo kisamvu chako kitanukia chokoleti wiki nzima.

Hata unga wa dukani umebakiwa na mafuta kiasi, na ndiyo sababu ukiumwaga moja kwa moja kwenye kinywaji cha moto unaelea na kufanya vidonge vyenye unga mkavu ndani. Dawa yake: kwenye sufuria nyingine, kavu, changanya vijiko vitatu vya chakula vya kokoa na vijiko vinne vya sukari na chumvi kidogo tu ya kushika kwa vidole viwili. Changanya vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Chembe za sukari zinatenganisha unga wa kokoa usishikane, na ile chumvi, hata huisikii, inapunguza makali ya uchungu. Sasa tia kahawa ya moto kijiko kimojakimoja huku ukisugua kwa mgongo wa kijiko, mpaka upate rojo laini linalong'aa. Weka sufuria kwenye moto mdogo, koroga dakika mbili. Rojo likipata moto harufu inabadilika ghafla, inatoka kwenye vumbi inakuwa chokoleti. Utajua.

Nikupe na habari ya pilipili. Watu wa Meksiko ya kale, Wamaya na Waazteki, ndio waliokuwa wakinywa kokoa kabla ya Wazungu kuijua, na waliitia pilipili, hawakuwa na sukari ya miwa. Mwanangu aliniambia hivyo nami sikuamini mpaka nilipojaribu. Nusu ya pilipili kichaa iliyokauka, bila mbegu, ichemke pamoja na viungo vya mwanzo. Husikii ukali ulimini. Unausikia kooni baada ya kumeza. Wakati wa kusi, mwezi wa saba, upepo wa baharini ukiingia mpaka chumbani, hiyo nusu pilipili ni blanketi.

Tumefika kwenye korosho. Maziwa mabichi ya ng'ombe huku kwetu hayajazagaa kama Arusha, na ya pakiti yana bei yake. Lakini tuko Mtwara! Msimu ukifika, Oktoba kuendelea, mji mzima ni korosho, na sehemu kubwa inapanda meli ikiwa ghafi, na ganda lake, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Sisi tunaobaki tununue vipande. Wanawake wanaobangua hutenga korosho nzima kwa bei ya juu na zilizovunjika kwa bei nafuu, na tui halijui kama korosho ilikuwa nzima. Hakikisha tu ni zilizobanguliwa na kumenywa ngozi, hazijakaangwa wala kutiwa chumvi. Usijifanye shujaa wa kubangua mbichi jikoni kwako, mafuta ya lile ganda yanababua ngozi.

Loweka nusu kikombe cha vipande kwenye maji kwa saa nne, au nusu saa kwa maji ya moto ukiwa na haraka. Mwaga maji ya kulowekea. Saga kwenye blenda na vikombe viwili vya maji safi, dakika mbili nzima, mpaka ukisugua tone kati ya vidole husikii chembe. Umeme ukikatika, kinu kipo: twanga na maji kijiko kimojakimoja mpaka iwe laini kama siagi ya karanga, ndipo uongeze maji na kukamua kwa kitambaa. Unapata tui jeupe, zito kidogo, tamu lenyewe.

Jambo moja kuhusu tui hili. Korosho ina wanga, tofauti na nazi, na wanga ukichemka unashika. Siku ya kwanza niliacha tui likachemka huku nikijibu simu, nikarudi nikakuta uji. Tuliunywa kwa vijiko, na mume wangu akauliza kama kuna maandazi. Kwa hiyo tui la korosho halichemki, linapashwa.

Mimina tui kwenye rojo la kokoa kidogokidogo huku ukikoroga, moto uwe mdogo kabisa. Mkaa una tabu yake hapa, hauna kitasa cha kupunguza, basi toa nusu ya makaa au nyanyua sufuria kila mara. Mimi natumia mtungi mdogo wa gesi. Wageni hudhani gesi ya mtungi ndiyo ile inayochimbwa huku kwetu Mtwara, ya Msimbati na Mnazi Bay. Siyo, ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje. Ya kwetu ilijengewa bomba la kwenda Dar, likazinduliwa 2015, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Ukiona mvuke na viputo vidogo pembeni mwa sufuria, tia kahawa iliyobaki, halafu iliki. Koroga, hesabu ishirini, epua. Zamu zimekwisha.

Inabaki povu, na povu halihitaji mashine. Tafuta kipekecho cha bibi yako, kile cha mbao, simamisha ndani ya sufuria, pekecha kati ya viganja mpaka juu pajae povu la rangi ya kahawia. Wameksiko nao wana kijiti cha mbao cha namna hiyohiyo, wanakiita molinillo, nao wanakipekecha kwa viganja juu ya chokoleti yao. Kama kipekecho hakipo, chukua vikombe viwili vikubwa umimine kutoka juu kwenda chini, kama unavyompoozea mtoto chai, mara sita au saba. Sahani iwe chini, kwa ajili ya sakafu yako.

Ukitaka kutumia nazi badala ya korosho, tumia tui la pili, jepesi, kwenye kupasha, na kasimile, lile tui zito la kwanza, uitie mwisho kabisa baada ya kuepua. Kasimile ikichemka inakatika na mafuta kuelea juu, na mafuta ya nazi yakikutana na ya kokoa, kinywaji kinaacha utando mdomoni. Mimi binafsi naona nazi inaifunika kahawa. Mume wangu haafiki, yeye kwao ni Kilwa, huko hata maji wangeyaunga nazi. Maziwa ya unga yanafaa, yakoroge kwanza na maji baridi. Ya ng'ombe yatie pale ambapo ungetia tui, baada ya viungo kuchemka na kuchujwa, kwa sababu niliyokwisha kusema.

Mezani mimi napeleka na mhogo wa kuchemsha wenye chumvi. Watu wananicheka, wanataka keki. Lakini kinywaji kina sukari tayari, na mhogo mkavu uliochomekwa kwenye lile povu ni kitu ambacho sitabishana nacho na mtu. Mkubwa anayekosa usingizi usiku mpe kabla ya alasiri, kwani kafeini inakaa mwilini saa nyingi. Mtoto mtolee rojo la kokoa na tui kabla hujatia kahawa.

Kikibaki, kiweke kwenye friji, siku mbili kinavumilia. Kitakuwa kimeshika kidogo, kirudishie maji nusu kikombe na ukipashe bila kuchemsha. Mwezi wa kumi na mbili, joto likiwa la kutoa roho, sikipashi. Nakipiga kwenye blenda na barafu na kukinywa barazani miguu ikiwa ndani ya beseni. Chicha ya korosho iliyobaki kwenye kitambaa usimwagie kuku. Changanya na sukari iliyoyeyuka na iliki, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, kata ingali moto, unapata kashata. Mashapo ya kahawa nenda nayo kwenye shina la mpapai.